Kutafuta joto wakati wa baridi, mbali na makelele

Sisi wa Katanga tunaujua mwezi wa sita na wa saba. Mvua hakuna, mavumbi ni mengi, na asubuhi Lubumbashi kipimo kinaweza kushuka chini ya digrii 10. Kolwezi, mji ulio juu zaidi, baridi inauma vilevile. Baba anayetoka kazi ya usiku kwenye mgodi anafika nyumbani meno yakigongana.

Wengi wanaingiza mbabula ndani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Hewa mbaya ya makala haionekani, lakini inaua. Katika utumishi wangu nimezika watu juu ya jambo hilo, na moja ya masanduku lilikuwa la mtoto. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kutafuta joto ni anasa ya matajiri, simwitikii haraka.

Kwetu tuna mtoto wa mwisho mwenye kifua. Baridi ikiingia, anakohoa usiku mzima. Ndiyo sababu mimi na mama ya watoto tulianza kuweka franka kidogo kidogo tangu Noeli, ili shule zikifungwa tumpeleke pa joto. Lakini wapi?

Ndugu mmoja wa kanisa aliniambia: "Pasta, muende Johannesburg, njo kuzuri!" Nilimshukuru, lakini nilimkumbusha kwamba Johannesburg iko juu kupita meta 1,700, na mwezi wa saba ni baridi kali kule, hata barafu nyembamba inalala juu ya majani. Durban, kando ya bahari, kuna joto, lakini wakati ule shule za Afrika ya Kusini nazo zinafungwa, na jamaa nyingi zinashuka huko pamoja. Zanzibar ni pazuri, lakini mwezi wa saba na wa nane wageni wa Ulaya wanajaa na bei zinapanda. Dubai joto linapita digrii 40, mtoto hawezi kucheza nje. Na kote huko kunaombwa pasiporti na tikiti ya ndege.

Mama ya watoto akasema: "Baba, joto haliko mbali. Tushuke tu."

Njo kweli. Joto linafuata urefu wa inchi. Ukishuka meta 1,000, unapata kama digrii 6 zaidi. Lubumbashi iko karibu meta 1,200, Kolwezi inapita 1,400. Ziwa Moero liko juu ya meta 900 kidogo, ziwa Tanganyika 773, na Bukama, kwenye mto Lualaba, karibu 600. Kumbe joto tunalotaka kulifuata kwa ndege, kaminyo inaweza kutufikisha!

Sasa kuhusu makelele. Mahali bandari kubwa na gari la moshi vinapokutana, watu ni wengi. Kalemie ni muji mzuri, una mchanga na maji safi kwa macho, lakini ni muji wa biashara. Anayetafuta utulivu aangalie Moba. Lakini mukumbuke: Kirungu iko juu kwenye mlima, na ukilala pale baridi inakurudilia. Mushuke chini, bandarini.

Karibu na sisi zaidi ni Kasenga, kwenye mto Luapula, kilometa kupita 200 hivi toka Lubumbashi. Ukifuata njia ya kaskazini unafika Kilwa, si ile ya pwani ya Tanzania, ni hii yetu ya ziwa Moero. Mbele kabisa ni Pweto, pale maji ya Moero yanapotoka kuwa mto Luvua. Sisi tulichagua Kasenga, juu ya mfuko wetu. Tulikaa juma moja kwa jamaa ya mshiriki mmoja, tukala bukari na samaki mbichi. Usiku wa tatu mimi na mama tuliamka wote wawili, tukasikiliza. Mtoto alikuwa analala kimya. Hatukusema neno. Mama alinishika mkono tu.

Lakini sitawadanganya. Inchi ya joto ina hatari zake. Mbu wanaopungua kwetu wakati wa baridi, kule chini wapo. Mubebe chandarua kwa kila kitanda. Kolera imezoea kando ya maziwa yetu na mto Lualaba. Muchemshe maji ya kunywa, hata mukiona kisima ni kizuri. Mamba na viboko wako mtoni, kwa hiyo mtoto asioge pasipo mtu wa pale kumwonyesha mahali. Kwenye Tanganyika, wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki unainua mawimbi makubwa. Bato iliyojaa kupita kiasi, muiache iende. Na habari za njia muulize watu waliotoka kule juma hili, si wale wa mwaka jana.

Jambo la mwisho ni mfuko. Mwezi wa tisa haumsamehe mtu. Mutenge kwanza minervali na daftari za watoto, halafu muhesabu kilichobaki. Kikitosha siku nne, muende siku nne. Kisipotosha, mubaki, lakini mbabula ilale nje, na watoto walale pamoja chini ya bulangeti mbili.

Baba mwenye kazi ya mgodi, wewe unayeona watoto wako wakiwa wamelala tu, siku nne za kukaa nao mahali pa joto, pasipo kelele ya mashine, si kupoteza franka. Anza kuweka kidogo leo.