Ua la Mbaga lililokataa kuishi Same

Mama aliposhuka kutoka Mbaga kuja kukaa nami Same mjini, kwa kuwa miguu haikuwezana tena na mlima, alikuja na mabegi mawili na mche wa haidranjia. Ni lile ua la bluu, vijiua vingi vimejikusanya kama mpira. Aliutaka mlangoni, kama kwake.

Tuliupanda ardhini, panapopigwa na jua la alasiri. Haikuchukua muda, majani yakawa njano, mishipa tu ikabaki kijani. Mama akaongeza majivu ya jikoni, kama alivyozoea kwenye migomba. Hali ikazidi. Baadaye likatoka ua moja dogo, la rangi ya waridi. Mama akalitazama, akasema, "Hili si langu." Hakulimwagilia tena.

Juzi nilipanda kumsalimia shangazi. Kutoka Same unafuata barabara ya Dar es Salaam kilometa chache, unakata kushoto kwenda Mwembe, kisha gari linaanza kupanda kwa kuguna. Chini umeacha migunga na vumbi. Juu unakutana na kahawa chini ya migomba, na unaanza kutafuta sweta. Juu zaidi upo msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, unaofika kilele cha Shengena, zaidi ya meta 2,400, ambako ukungu huingia bila hodi.

Uani kwa shangazi, kando ya ukuta wenye kivuli, haidranjia zilikuwa bluu kama sare za shule. Nilisimama pale kwa wivu.

Siri iko ardhini. Mlimani mvua ya miaka mingi imeosha chokaa, na udongo umekuwa na tindikali. Katika udongo wa namna hiyo mmea huweza kunyonya madini ya alumini, nayo ndiyo hulitia ua bluu. Penye chokaa alumini hainyonyeki, ua linakuwa la waridi. Madini ya chuma nayo hukwama, ndipo majani yanakuwa njano. Majivu hufanya kazi ileile ya chokaa. Kwa hiyo mama, kwa upendo wote, alikuwa anaongeza ugonjwa. Azalea na kamelia wana tabia hiyohiyo, na hata mchai, ambao ni ndugu wa kamelia.

Shangazi alinikatia vipande vitatu na kunijazia nusu gunia la udongo wa shambani kwake. Wa msituni usiguse, ni hifadhi. Nyumbani nilitoboa ndoo kuukuu, nikaiweka barazani upande wa mashariki ipate jua la asubuhi tu, nikafunika udongo kwa majani makavu. Namwagilia maji ya mvua kutoka kwenye tangi, maana ya bomba kwetu huacha ukoko mweupe kwenye birika.

Vipande viwili vilikufa. Cha tatu kimetoa ua, zambarau kuliko bluu. Mama hajasema kitu, ila amehamishia kiti chake barazani, na asubuhi nilimkuta anaelekea kwenye ndoo na kopo la majivu.

Kopo nimelificha.