Nuru ya Kuliwa

Katika ushairi wa pwani marijani ni kito, hutajwa pamoja na lulu na dhahabu. Katika ujenzi tumbawe ni jiwe: huchimbwa, huchongwa, huchomwa likawa chokaa, na Mji Mkongwe wa Unguja umesimama kwa mawe hayo. Ni nadra lugha yetu kulitaja tumbawe kwa kile lilicho, yaani mnyama hai, mwenye kinywa na tumbo. Mnyama huyu amewapa hifadhi, ndani ya nyama yake, vimwani vya seli moja visivyoonekana kwa macho matupu. Vimwani hivyo hupika chakula kwa nuru na kumlipa mwenye nyumba hata asilimia 90 ya nguvu anazozihitaji. Kodi hiyo ikikatika, mwenye nyumba hufa njaa.

Kwa hiyo mtu wa Hamburg anayetaka kufuga matumbawe matatu au manne katika tangi la kioo la lita 60 hanunui taa ya kupambia sebule. Ananunua chakula cha kiumbe asiyeweza kulalamika.

Jua la kwake halimsaidii. Mwezi wa Disemba mchana wa Hamburg hautimizi saa nane, na mawingu hula sehemu yake. Lee Chin Eng wa Jakarta, aliyeieleza njia yake ya ufugaji mwaka 1961, hakuwa na shida hiyo: mawe hai kutoka baharini, mapovu ya hewa, na jua la ikweta likimulika tangi. Aliye mbali na ikweta hana budi kulitafutia jua mbadala, na hapo ndipo mashaka yanapoanza, kwani jua la juu ya maji silo jua la chini ya maji.

Bahari ni chujio. Wekundu wa nuru humezwa katika mita chache za mwanzo. Buluu ndiyo izamayo mbali, na buluu ndiyo vimwani walichozoea kukila. Kwa miaka mingi wafugaji walitumia taa za halaidi, kali lakini zenye joto la tanuri, ambalo katika tangi dogo huchemka mchana mmoja tu. Au mirija ya mwanga, ambayo rangi yake huchakaa na kutaka kubadilishwa kila mwaka. Kisha ikaja diodi ya buluu. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambao kazi yao ilizaa matunda mwanzoni mwa miaka ya 1990, walitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Taa nyingi za LED zinazoning'inia leo juu ya matangi ya matumbawe ni wajukuu wa kazi hiyo.

Buluu nayo ina hila zake. Chini ya buluu tupu baadhi ya matumbawe hung'aa kijani na rangi ya chungwa kama makaa, na wauzaji wanalijua hilo vyema. Mnunuzi hufika nyumbani, akawasha taa nyeupe, akaona kitu cha rangi ya kahawia. Si kwamba ametapeliwa kabisa. Mng'ao ule ni wa kweli. Ila katika kiza cha buluu jicho haliwezi kutambua mnyama aanzapo kupauka. Weupe kidogo katika taa ni haki ya mgonjwa ya kuonekana.

Ukali ndio mtihani mkubwa zaidi. Nuru ifaayo kwa mimea hupimwa kwa maikromoli, kwa kila mita ya mraba, kwa kila sekunde. Jua la utosini katika nchi za joto hukaribia 2,000 juu ya maji. Matumbawe laini huridhika na 50 hadi 150. Yale magumu ya matawi hutaka 200 hadi 350. Ikizidi, vimwani hugeuka kutoa sumu, na mwenye nyumba huwafukuza, akabaki mweupe na mwenye njaa. Joto la bahari likishirikiana na jua lilifanya hivyohivyo katika Bahari ya Hindi mwaka 1998. Taa mpya, basi, huanzishwa kwa theluthi ya nguvu yake, ikapandishwa kwa wiki kadhaa, na tumbawe geni huwekwa kwanza chini, kwenye mchanga.

Muuzaji anapaswa kuulizwa: tumbawe hili lilitoka kina gani? Lililotoka mita tatu na lililotoka mita ishirini si wa kabila moja, hata yakifanana kama pacha. Lakini mengi yauzwayo siku hizi ni vipande vilivyokatwa kutoka kwa tumbawe mama na kukuzwa katika matangi, vizazi kwa vizazi, bila kuonja jua hata siku moja. Kwa hayo swali la kina halina maana. La kuulizwa ni taa gani ilikuwa juu yake, kwa umbali gani, na kwa saa ngapi.