Oili ya Mahali Pasipoonekana

Sisi tuandikao haya ni walimu wawili wa shule ya kijiji katika bonde la Kilombero, upande wa njia iendayo Lupiro hata Mahenge. Kazi yetu ni chaki na madaftari, wala hatukusomea ufundi wa magari. Lakini miaka michache iliyopita mtaa wetu wa kanisa ulipata pikapu, gari la kuendeshwa na magurudumu yote manne, na wazee wakatukabidhi sisi ulinzi wake, wakisema kwamba mtu ajuaye kusoma ataweza kukisoma kitabu cha gari. Neno lile lilikuwa la kweli. Kosa letu ni kwamba kitabu tulikisoma nusu. Leo twataka kulieleza kosa hilo, maana huenda mwingine akafaidika nalo, hata kama hana gari, bali ana mashine ya kusaga au pampu ya maji.

Gari lile si la fahari. Hubeba mpunga, mahindi, mabati na majeneza. Na zaidi ya yote hubeba wagonjwa, kwa kuwa kutoka kwetu hata hospitali ni mwendo wa saa nyingi kwa miguu, na wakati wa masika njia hugeuka matope. Oili ya injini tuliibadili kwa bidii, maana ina kijiti chake cha kupimia, nasi tulikitazama kila asubuhi. Lakini chini ya gari kuna mahali patatu pengine penye oili, wala hapana kijiti wala taa ya kumwonya dereva: difu ya nyuma, difu ya mbele, na transfa iliyo katikati. Huko hatukuangalia, kwa sababu hakuonekani, na kwa sababu gari lilikuwa likienda.

Yafaa tueleze kwanza kazi ya vitu hivi. Gari likipinda kona, gurudumu la nje huenda njia ndefu kuliko la ndani. Tazameni watoto wa shule wakipiga gwaride safu kwa safu: wakigeuka, mtoto wa ndani hupiga hatua fupi, karibu asimame, na yule wa nje hunyosha miguu sana ili safu isivunjike. Kama magurudumu mawili ya gari yangefungwa kwa chuma kimoja kisichokubali tofauti, moja lingeburuzwa. Difu ndiyo iyapayo ruhusa kwenda kila moja kwa hatua yake, na huku nguvu ikiyafikia yote mawili. Werevu huu si wa leo. Mfaransa mmoja mtengeneza saa, Onésiphore Pecqueur, aliupatia hati ya uvumbuzi katika miaka ya 1820, motokaa zingali hazijakuwapo.

Ndani ya difu mna gurudumu kubwa la meno, ambalo mafundi huliita krauni, na dogo liitwalo pinioni. Pinioni ikiwa na meno 10 na krauni meno 41, propela yapaswa kuzunguka mara nne na zaidi kidogo ili gurudumu la gari lizunguke mara moja. Ndivyo gari zito lipatavyo nguvu ya kupanda mlima. Lakini meno hayo hayabingiriki tu, bali huteleza moja juu ya jingine kwa mgandamizo mkubwa. Kati yao hapana kitu ila utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikosekana, chuma hula chuma. Nayo transfa hukaa nyuma ya giaboksi, hugawa nguvu ya injini kwa propela ya nyuma na ya mbele, tena humpa dereva gia nzito za kutokea matopeni.

Masika ya mwaka 2024 mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi, bonde likafurika. Gari letu lilipita majini mara nyingi, maji yakifika katikati ya magurudumu. Mvua zilipokoma, tukasoma katika kitabu chake kwamba oili ya difu hubadiliwa kila kilometa 40,000, na kwa gari lipitalo matopeni na majini hubadiliwa mapema zaidi, kwa nusu ya mwendo huo. Tukahesabu, tukaona letu limekwisha kupita 60,000 bila kuguswa. Tukaona haya. Tukanunua oili mjini, na Jumamosi moja alasiri tukajilaza chini ya gari.

Chini ya difu kuna kizibo cha kumwagia, na juu yake ubavuni kizibo cha kujazia. Tulianza na kile cha chini, tukafurahi kuiona oili nyeusi ikitoka. Ilipokwisha kumwagika yote, tukashika kile cha juu. Hakikufunguka. Kilikuwa kimeshikwa na kutu na matope ya miaka. Tukaongeza nguvu, tukavika bomba kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu; spana ikateleza, ikazila pembe za kizibo hata kikawa mviringo. Jua likachwa, na gari limesimama halina oili, wala sisi hatuna njia ya kuitia.

Usiku ule, yapata saa nne, tulisikia hodi. Mama mmoja jirani yetu alikuwa na uchungu wa uzazi tangu mchana, na mkunga ameona dalili asizozipenda. Mumewe alisimama mlangoni na taa mkononi, akasema, “Walimu, naomba gari.” Tukamweleza. Hakujibu neno. Aliitazama mikono yetu iliyokuwa bado ina weusi wa oili, kisha akageuka akaenda kuwaita vijana.

Tulipiga simu huku na huku kutafuta gari jingine, hatukupata. Pikipiki zilikuwapo, lakini mama yule hakuweza kuketi. Tulishauriana kama tuliendeshe gari hivyo hivyo. Tukaona difu kavu yaweza kushikamana njiani, na mgonjwa akaachwa porini gizani. Basi vijana walitwaa kitanda cha kamba, wakamlaza, wakamchukua kwa zamu, nasi tukashika zamu zetu. Njia ilikuwa na utelezi. Karibu na alfajiri tulifika barabara kubwa, na gari la mizigo likampokea likampeleka hospitali. Mungu alimrehemu, akajifungua salama mtoto wa kike. Lakini saa zile hatujazisahau, maana kila alipougua pale kitandani, tulijua ni kwa nini hakuwa ndani ya gari.

Jumatatu tulimwendea mzee mmoja aliye fundi wa siku nyingi. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, walimu wangu. Habari za watoto?” Tukamweleza yote bila kuficha. Hakutucheka. Alikuja, akalala chini ya gari, akakipaka kizibo mafuta ya kulegeza kutu, akangoja. Kisha akaweka tindo penye ukingo wake, akagonga kwa nyundo taratibu kuelekea upande wa kufungulia, mpaka kikazunguka. Ndipo akasema, “Wanangu, kabla hamjamwaga mlicho nacho, fungueni kwanza mahali mtakapotilia kingine. Kizibo cha juu kikikataa, gari bado ni zima, mtaliendesha mpaka kwa fundi. Mkianza na cha chini, mmejifunga wenyewe.”

Hakuishia hapo. Alitutaka tufungue na pale pengine pawili. Oili ya transfa ilikuwa imechakaa tu. Lakini difu ya mbele ilitoa kitu cheupe kama chai ya maziwa. “Haya ni maji,” akasema. Akatueleza kwamba difu ikiwa kazini hupata joto. Ikiingia ghafula katika maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta. Kwa hiyo kuna tundu la kupumulia upande wa juu, ili hewa iingie na kutoka. Tundu letu lilikuwa limezibwa kwa udongo. Hewa ilipokosa njia yake, maji yalivutwa kupitia penye sili. Nasi tulikuwa tukidhani difu ya mbele haina neno kwa sababu hatuitumii kila siku. Kumbe ndiyo iliyokuwa karibu kuharibika.

Basi, ndugu mlio na gari la namna hii, shikeni utaratibu tuliofundishwa. Liendesheni kwanza mwendo mfupi, oili ipate joto na kuwa nyepesi. Lisimamisheni mahali tambarare, mzuie magurudumu kwa mawe, wala mtu asijilaze chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Sugueni matope penye vizibo, mchanga usije ukaingia ndani. Fungueni cha kujazia kwanza, ndipo cha kumwagia. Kitazameni kizibo cha chini, maana mara nyingi kina sumaku: ujiuji mwepesi wa kijivu si ajabu, bali vipande vya chuma ni onyo la kumwita fundi upesi. Wekeni washa mpya, kazeni kizibo cha chini, kisha jazeni polepole mpaka oili ianze kuchuruzika katika tundu la juu. Tundu hilo ndicho kipimo chenyewe. Difu ya nyuma ya pikapu hupokea yapata lita mbili hadi tatu. Ya mbele na transfa hupokea kidogo zaidi ya lita moja moja. Namna ya oili isomeni kitabuni, msiikisie, kwa kuwa oili kali ifaayo difu, iliyoandikwa GL-5, yaweza kudhuru shaba nyekundu na ya manjano iliyomo katika baadhi ya giaboksi. Safisheni na tundu la kupumulia. Mwisho, andikeni tarehe na hesabu ya kilometa.

Oili chakavu msiimwage chini wala mtoni. Maji tunywayo ni hayo hayo. Itieni katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, mpaka mpate mtu wa gereji aikusanyaye.

Tangu siku ile neno la mzee limetufuata hata darasani. Ni mara ngapi sisi walimu tumeharakisha kummwaga mtoto yale aliyotoka nayo kwao, lugha yake na desturi za babu yake, kabla hatujaona kama mlango wa kumtilia mengine umefunguka? Naye hubaki mtupu, kama gari letu usiku ule, na asubuhi twamwita mvivu. Siku hizi twajaribu kutafuta kwanza kizibo cha juu.

Mtoto yule wa kike sasa atembea. Baba yake hajapata kutulaumu hata siku moja. Lakini kila mwaka masika yakikaribia hupita uani kwetu, akatusalimu, kisha huuliza kwa upole, “Walimu, mmekwisha kutazama chini?” Nasi twashukuru kwamba twaweza kumjibu, “Tumetazama, ndugu yetu. Juu kwanza, kisha chini.”