Theluji ya Aprili: Mlima wa Colorado unaotaka mwendo wa polepole

Mwezi Aprili jijini Denver, Marekani, miti huanza kuchipua na watoto hutoka nje na fulana. Lakini ukiendesha gari kama kilomita 110 kuelekea magharibi, theluji bado imetanda milimani na watu wanateleza kwa skii. Kwa familia za Wakongomani na Waafrika Mashariki waliohamia Denver na Aurora, ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Kituo cha Arapahoe Basin kilifunguliwa mwaka 1946, na mara nyingi huendelea kupokea watu hadi Juni. Kando ya theluji kuna maegesho ambayo wenyeji wameyapa jina la ufukwe. Familia hufungua viti vya kukunja, huwasha jiko na kuchoma nyama juani. Ukiona picha zake kwenye simu utadhani ni Coco Beach siku ya Jumapili, ila kila mtu amevaa buti nzito.

Raha hiyo ndiyo humsahaulisha mzazi kwamba yuko juu sana. Majengo ya chini ya kituo yapo karibu mita 3,300 kutoka usawa wa bahari, kati ya vituo vya Mandara na Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro. Mpanda Kilimanjaro hupita hapo kwa miguu siku ya pili, huku waongozaji wakimkumbusha "polepole". Hapa mtoto hushushwa garini baada ya saa mbili hivi, kisha kiti cha waya humpandisha juu zaidi.

Katika mwinuko huo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Mtoto mkubwa atasema kichwa kinauma. Mdogo hasemi, bali hukataa chakula, hutapika, hulialia au husinzia isivyo kawaida. Dawa ya kwanza ni kuacha kupanda na kumshusha. Akiyumba, akichanganyikiwa au akihema kwa shida akiwa ametulia, piga 911.

Kuna jambo ambalo familia zetu hazipaswi kulipuuza: selimundu. Mwenye ugonjwa huu asipelekwe kwenye mwinuko kama huo kabla ya kuzungumza na daktari wake. Hata mwenye vinasaba vya selimundu ambaye hajawahi kuugua anaweza, kwa nadra, kuumia bandama. Maumivu makali upande wa kushoto juu ya tumbo si uchovu wa michezo, ni ya kukimbizwa hospitali.

Theluji nayo ina saa zake. Usiku wa majira ya kuchipua huganda, hivyo asubuhi na mapema ni ngumu kama barafu na anayejifunza huanguka vibaya. Jua likipanda hulainika, na hapo ndipo mtoto hujifunza kwa raha. Alasiri huwa nzito na yenye maji kama uji. Skii hunasa, mwili unaendelea mbele, goti linajipinda. Familia inayoanza saa nne asubuhi na kuondoka saa nane mchana haijapoteza kitu.

Njia za wanaoanza zina alama ya duara la kijani. Mraba wa bluu na almasi nyeusi ni za waliozoea. Saa moja au mbili na mwalimu ni bora kuliko kufundishwa na baba ambaye naye ndiyo kwanza amevaa skii. Helmeti ni ya kila mtu, mzazi akiwemo.

Mwisho ni macho. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayounguza. Ngozi nyeusi ina kinga kiasi, ingawa bado inahitaji losheni yenye SPF 30 au zaidi, hata chini ya kidevu na puani. Uso wa jicho hauna kinga hiyo. Mtoto aliyekaa bila miwani anaweza kurudi nyumbani mzima, kisha usiku akalia kwamba ana mchanga machoni.

Kwa hiyo begi liwe na maji, miwani, losheni na soksi za kubadili. Na anayeamua saa ya kushuka awe yule mdogo kuliko wote, hata kama tiketi ilikuwa ya siku nzima.