Mafuta ya Transfoma na Kosa Letu Darasani

Tulipokuwa tukifundisha Sayansi katika shule moja ya Nyegezi, tulidhani kwamba kuchora ubaoni koili mbili na chuma kati yake kulitosha kueleza transfoma. Watoto walinakili, nasi tukaridhika. Siku ya pili mtoto wa darasa la sita alileta kikopo cha mafuta yaliyovuja kutoka transfoma iliyo njiani kwao. Kwao walikusudia kumpaka mdogo wake kwenye jeraha. Sisi, kwa kutojua, tuliyapitisha mkono kwa mkono ili darasa zima liyanuse.

Jioni ile tulisoma, tukatetemeka. Mafuta ya baadhi ya transfoma za zamani yana kemikali ziitwazo PCB, ambazo huweza kuleta saratani, na ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliazimia kuziondoa duniani. Jicho wala pua haviwezi kuzitambua. Usiku uleule tulikwenda kwa wazazi wa mtoto yule. Chupa ilikuwa bado dirishani, haijafunguliwa. Kesho yake tuliomba radhi mbele ya darasa.

Kisha tulianza somo upya, safari hii kutoka jikoni. Tuliuliza: mama akaangaye dagaa hujuaje kwamba mafuta yamechoka? Wakajibu: rangi, harufu, moshi. Basi, tukasema, transfoma nayo ni hivyo. Mafuta yake hupoza koili na kuzuia umeme usiruke. Yakizidiwa na joto au cheche, huvunjika na kutoa gesi. Fundi huchota kidogo na kupima: haidrojeni nyingi huashiria cheche ndogondogo, asetilini, cheche kali, monoksidi ya kaboni, kuungua kwa karatasi iliyofunika nyaya. Hivyo ugonjwa hujulikana kabla ya mauti.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na transfoma ikiwa mahali pasipofikika?" Swali hilo lilitupeleka baharini. Tangu Denmark ilipojenga mitambo 11 ya upepo baharini huko Vindeby mwaka 1991, mitambo ya namna hiyo imeongezeka na kukua, na mikubwa ya leo huwa na transfoma yake ndani. Watoto wa wavuvi hawakuhitaji maelezo marefu: ziwa likichafuka, mtumbwi hautoki. Ndiyo maana vipimo hufungwa ndani ya transfoma, vikapeleka nchi kavu habari za joto na gesi usiku na mchana, ili fundi avuke siku ya shwari, kabla mtambo haujazimika.

Thamani ya transfoma moja tuliionyesha kwa kisa cha Kenya: tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikakosa umeme.

Tangu hapo wanafunzi wetu waliweka daftari. Wakiwa mbali, bila kugusa, waliandika tarehe, mlio na dalili za kuvuja. Mwalimu mkuu akapeleka habari kwa wahusika.

Tulizoea kuambiwa kwamba somo lianzie kwenye kitu alichonacho mtoto mkononi. Ni kweli. Lakini yatupasa kwanza sisi wenyewe tukijue kitu hicho ni nini.