Mkwezi wa Mshahara na Mkwezi wa Kupita

Baba yangu mdogo alikuwa mkwezi mwajiriwa, na alipenda watu wajue. Miaka ya 1970, katika mashamba ya umma ya minazi huku kwetu Mafia, mkwezi aliandikwa daftarini sawa na karani: jina, namba, mshahara wa mwezi. Kwa kazi ile, hilo lilikuwa jambo kubwa. Minazi ya kisiwa hiki ilianza kupandwa kwa wingi enzi za mabwana wa Omani, kabla Wajerumani hawajakichukua kisiwa mwaka 1890, na waliokwea wakati huo walikuwa watumwa. Mzee aliyejua babu zake walikwea kwa amri ya nani hakuona ajabu mwanawe kujivunia karatasi yenye mhuri.

Alipangiwa minazi 30 kwa siku. Akiimaliza saa tano, basi, anakwenda zake kuvua. Kwa kuwa kila mnazi huanguliwa baada ya miezi mitatu hivi, alirudi kwenye shina lile lile mwaka hadi mwaka, akaijua ile minazi kwa tabia: huu unayumba kusi ikivuma, ule una nyuki, huu mrefu wa karibu na kisima una vidato vilivyooza upande mmoja. Akifika kileleni hakuangua nazi tu. Alikata makuti makavu na makarara yaliyozeeka, kisha akachomoa kiunoni waya wenye ncha iliyopindwa kama ndoana, akaupenyeza kwenye matundu ya kilele na kuvuta chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayekula moyo wa mnazi. Alimtupa chini akiwa bado anapapatika, nasi watoto tukamgombania.

Nilichokielewa ukubwani ni habari ya masika. Mvua zikianza, vidato hushika ukoga na unyayo hauna pa kujishikiza. Baba mdogo aligonga shina kwa ubapa wa panga, akasikiliza, akamwambia mnyapara, “Huu leo hapana.” Mnyapara angenung'unika, lakini mwisho wa mwezi mshahara ungetoka ule ule. Watu wengi husifu kazi ya kujiajiri kwa sababu mtu anajiamulia mambo yake. Mimi mkwezi niliyemwona akiukataa mnazi bila kuhesabu hasara alikuwa mtu wa kuajiriwa.

Mambo yakabadilika polepole. Mbata, ile nazi kavu iliyokuwa ikipelekwa viwandani kukamuliwa mafuta na kutengenezewa sabuni, ilishuka thamani mafuta ya mawese kutoka Asia yalipoingia kwa bei ya chini. Tanuri za kuikaushia zikapoa. Mishahara ilianza kuchelewa wiki, kisha miezi, na kufikia miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa nchi nzima, baba mdogo alikuwa na karatasi yake yenye mhuri na madai ambayo hakuna aliyekuja kuyalipa.

Mwanawe, ambaye kwetu ni ndugu yangu, hakutaka hata kusikia neno mwajiri. Alinunua baiskeli, akasuka kitanzi chake cha miguu, akawa mkwezi wa kupita. Baadaye ikaja simu, na wenye mashamba wanaoishi Dar es Salaam wakawa wanampigia yeye badala ya kutafuta msimamizi. Alipanga bei kwa urefu: mnazi mfupi bei hii, mrefu bei nyingine, unaoinamia bwawa tuongee kwanza. Mwenye shamba asiye na fedha mkononi alimlipa kwa nazi. Ramadhani, kila nyumba ikitafuta tui la futari, alipata fedha ambazo baba yake hakuwahi kuzishika kwa mwezi mmoja, ingawa alizitafuta akiwa amefunga, juani, na koo kavu.

Ukitaka kujua mkwezi analipwaje, angalia rundo chini ya mnazi. Anayelipwa kwa mnazi huacha koroma juu, maana hazimwongezei kitu. Anayelipwa kwa idadi ya nazi huzishusha na koroma, na mnunuzi wa Kisiju, kule bara, atajua mwenyewe akishapasua. Chonga hana mlipaji katika hesabu zote mbili, kwa hiyo siku hizi hachokonolewi. Mimi nahesabu minazi iliyokufa vilele njia nzima ya kwenda Utende, na siwalaumu wakwezi.

Ndugu yangu aliteleza wakati wa masika, kwenye mnazi ambao baba yake angeukataa. Aliukwea kwa sababu siku tatu kabla yake zilikuwa za mvua na nyumbani hapakuwa na kitu. Alivunjika paja. Mwenye shamba alileta sukari na pole. Majirani walichanga nauli ya kwenda kutibiwa Dar es Salaam. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake.

Leo kijana wake anakwea kwenye hoteli moja ya ufukweni. Amepewa kofia ngumu na mkanda wa kujifungia shinani, anakatwa NSSF, na akiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Mfuko huo ni wa walioajiriwa. Mkwezi wa baiskeli haumhusu. Ila kazi yenyewe imegeuzwa kichwa chini. Hoteli haitaki nazi, inataka nazi isimwangukie mgeni, kwa hiyo kijana anashusha vidaka na vitale kabla havijawa hata madafu. Baba yake akipita pale hugeuza uso. “Analipwa kuua uzazi,” aliwahi kuniambia.

Mshahara ni mdogo, basi siku yake ya mapumziko, Jumatatu, kijana huwakwelea watu wa kijijini kwa bei za baba yake, tena bila mkanda, maana mkanda hauruhusiwi kutoka getini. Juzi tulikuwa barazani mzee akamuuliza kama ule Mfuko unalipa mtu akianguka Jumatatu.

“Hapana, baba. Mpaka uanguke kazini.”

“Basi Jumatatu kwea ile mifupi,” akasema, akaendelea kunoa panga.