Deni la Chumba cha Musonoi

Mwaka 2015, Kolwezi ilipofanywa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba, sisi wanafunzi wanne tulipanga chumba kimoja upande wa Musonoi, katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Usiku tulikula bukari na sombe, kisha tukarudia sarufi kwa mshumaa. Baruti ilipotikisa kuta tulicheka tu.

Mwaka jana nilirudi. Shimo la shaba na kobalti limekula barabara, mwembe na chumba chetu. Mama mwenye nyumba nilimkuta kahamia mbali. Nikamkumbusha kodi ya mwezi wa mwisho, ambayo hatukulipa.

“Mwanangu, nyumba imekwenda, deni limebaki wapi?”

“Kwangu, mama.”

Akazipokea pesa, akalia. Nami nikalia.